Lita moja, uniti 22

Tarehe 26 Desemba, Kibosho. Wachagga wenzangu mnaijua siku hiyo: wageni wa heshima wameshaondoka, nyama iliyobaki ni ya mifupa, mbege ndiyo kwanza imekubali. Tulikuwa kihambani kwa baba mdogo, chini ya migomba, mimi na mdogo wangu anayeendesha lori la mafuta, na shemeji yetu aliyepanda kutoka Dar na viatu vyeupe. Watoto wanapita, wanarudi. Ndege ikaonekana kwa mbali upande wa tambarare, inashuka kuelekea KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro. Shemeji akaisindikiza kwa macho hadi ikapotea, halafu akasema kama mtu anayetaja bei ya nyanya:

"Hizo baada ya miaka michache zitaruka kwa maji na hewa."

Baba mdogo akashusha kata. "Kwa maji na nini?"

"Na hewa, mzee. Na umeme wa jua na upepo. Wazungu wameshaanza."

Wote wakanigeukia mimi.

Nilijaza ndege mafuta pale KIA kwa miaka 14, kwa kampuni ambayo sitaitaja, nikatoka na goti moja bovu na pua inayotambua mafuta ya ndege kutoka ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo jambo lolote la ndege likizuka katika familia, kesi ni yangu. Hata mtu akipotelewa na begi Doha, napigiwa simu mimi.

Nikaanza na kitu ambacho wengi hawakijui: mafuta ya ndege kubwa ni mafuta ya taa. Yamesafishwa zaidi, yamepimwa zaidi, hayaruhusiwi kuganda mpaka baridi ifike nyuzi 47 chini ya sifuri, lakini ukoo ni uleule wa koroboi ya bibi. Siku yangu ya kwanza kazini, mzee aliyenifundisha alinipa chupa ya kioo akaniambia ninuse. Nikasema, "Nyumbani." Alicheka hadi akakohoa.

Chupa ile ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Watu hudhani kujaza ndege ni kuburuta mpira na kusubiri. Kabla hujaigusa ndege unafungua koki ya chini kabisa ya tangi, unakinga mafuta kwenye chupa, unayazungusha mpaka kinatokea kimbunga kidogo katikati, unainua juani, unatazama. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yakiwemo yanajikusanya chini ya kile kimbunga kama jicho la dagaa. Halafu kuna sindano yenye kikaratasi cha manjano mdomoni: unavuta mafuta yapite humo, kikigeuka kijani, hakuna kujaza, hata abiria wawe wamekaa na mikanda wamefunga. Asubuhi moja ya masika kiligeuka. Mkubwa wangu alitaka nirudie kipimo mpaka kiwe manjano. Nilikataa, ndege ikachelewa, na barua ya onyo ikaandikwa kwa jina langu. Ninayo mpaka leo, imekaa pamoja na vyeti vya ubatizo.

Miaka 14 nimepigana na maji yasiingie kwenye mafuta, na sasa shemeji mwenye viatu vyeupe ananiambia mafuta yatatoka kwenye maji.

Kibaya zaidi, anasema kweli.

Nikamwomba baba mdogo asogeze pipa. Mbege ilikuwa bado inafanya kazi. Ukitega sikio unasikia ile sauti ya kuchemka bila moto, na povu la ulezi linapanda, linapasuka, linapanda tena. Kinachotoka kwenye povu lile ni hewa ukaa, kaboni dioksidi, ileile itokayo kwenye bomba la lori la mdogo wangu. Mafuta ya taa ni minyororo ya kaboni iliyovishwa haidrojeni, basi. Haidrojeni imo kwenye maji. Kaboni imo kwenye hewa ukaa. Ukiweza kuvunja maji upate haidrojeni, ukavunja hewa ukaa upate kaboni, ukavishikanisha upya, umepata mafuta ya taa bila kuchimba kisima popote.

"Kwa hiyo hapa kuna mafuta ya ndege?" Baba mdogo alilitazama pipa kwa heshima mpya.

Nilipiga hesabu nyuma ya kadi ya mchango wa harusi (zilikuwa tatu mfukoni, Desemba haina huruma). Ndoo ya lita 20 ya mbege yenye kilevi cha asilimia 4 hivi hutoa gramu 600 na kitu za hewa ukaa katika kuchachuka kwake. Kilo moja ya mafuta ya ndege inahitaji kilo 3 na zaidi kidogo ya hewa hiyo. Ndoo moja, basi, ina kaboni ya kutosha robo lita. Ndege kubwa ya injini mbili inayokwenda Ulaya moja kwa moja hupakia kama tani 50, yaani lita 62,500. Ni ndoo laki mbili na nusu za mbege. Baba mdogo alifikiri kidogo, akasema kazi hiyo Kibosho inaiweza, ila itabidi Marangu wasaidie.

Utani kando, mahali pa kupata hewa ukaa ni nusu ya mjadala huko wanakotengeneza mafuta haya. Kwenye hewa tunayovuta imo kidogo mno, chembe 4 hivi katika kila 10,000, na kuichuja humo ni sawa na kuchambua mchele wa gunia zima ili upate mawe manne. Inawezekana, Iceland kuna mitambo inayoinasa hivyo, lakini inakula umeme na joto jingi. Ndiyo maana wengi huanzia mahali inapotoka ikiwa nzito: viwanda vya pombe, vya biogesi, vya karatasi. Huku kwetu ningeanzia kwenye matangi ya kuchachushia bia. Hewa ya pale ni safi, na ilishakuwa hewani kabla mmea haujainyonya, kwa hiyo ndege ikiirudisha juu hujaongeza kitu. Ukitumia ya bomba la kiwanda cha saruji umeitumia mara mbili tu kisha imekwenda angani. Hapo ndipo wanaojiita wasafi wanapogombana.

Shemeji alidhani ni uvumbuzi wa juzi. Mwaka 1925, Mülheim, Ujerumani, wanakemia wawili, Franz Fischer na Hans Tropsch, walipitisha haidrojeni na monoksidi ya kaboni (ndugu ya hewa ukaa mwenye oksijeni moja) juu ya kichocheo cha chuma na kobalti wakapata mafuta. Gesi zenyewe zilitoka kwenye makaa ya mawe, kwa sababu Ujerumani ilikuwa na makaa mengi na visima vya mafuta karibu haina. Afrika Kusini wakaichukua njia hiyohiyo. Kampuni ya Sasol ilianza kutoa mafuta ya makaa kule Sasolburg mwaka 1955, baadaye wakajenga jiji zima la mabomba Secunda. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 ndege zinazojaza Johannesburg zimeruhusiwa kuruka na mchanganyiko wenye mafuta hayo mpaka nusu. Kwa hiyo yeyote aliyepanda ndege Johannesburg miaka ile huenda alisharuka kwa mafuta ya kiwandani bila kujua, na hakuona tofauti hata ya juisi.

Tofauti ya sasa ni kwamba makaa yametolewa. Na makaa yalikuwa yanafanya kazi mbili: yanakupa kaboni, yanakupa na nguvu ya kuigeuza. Ukiyatoa, ile nguvu lazima uilete mwenyewe. Unaileta kwa waya.

Hapo binti wa mdogo wangu, yuko kidato cha tatu, akaingia katikati. "Baba mkubwa, kuvunja maji tumefundishwa. Lakini kwa ubao tu, vifaa hatuna."

Vifaa nyumba hii haikosi. Jirani alikuwa ameacha pikipiki yake kivulini, amelala. Tukaazima betri kwa ruhusa ya mke wake. Penseli mbili zikachongwa pande zote mbili. Mama mdogo akatoa magadi yaliyobaki alipopika kiburu. Binti alikataa chumvi: chumvi, alisema, itatutolea klorini tukohoe wote. (Nilimtazama baba yake. Baba yake alijifanya anatafuta kiberiti.) Magadi yakakorogwa kwenye beseni, penseli zikachomekwa kwenye kipande cha boksi, waya mmoja huku, mwingine kule.

Kwa sekunde kadhaa hakuna kitu. Halafu ncha ya penseli ya upande wa hasi ikaota ndevu. Mapovu madogo, meupe, kama ya soda inayotaka kuisha, yanaachia yanapanda, yanaachia yanapanda. Upande wa chanya nao ukaanza, kwa uvivu zaidi, nusu yake hivi, kama vitabu vinavyosema: haidrojeni mbili kwa oksijeni moja. Binti akajaza maji chupa tupu ya dawa ya kikohozi, akaipindua juu ya ule upande wenye ndevu ili gesi isukume maji nje. Tukangoja. Watoto wakachuchumaa kuzunguka beseni. Penseli ya chanya ikaanza kumomonyoka, maji yakawa meusi kama chai ya msiba. Nusu saa ilipita kabla chupa haijajaa. Akaitoa ikiwa imeinama vilevile, akasogeza njiti ya kiberiti mdomoni.

Pwi!

Mlio mdogo, mkali, kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Watoto walilipuka kuliko ile gesi. Baba mdogo akasema, "Rudia."

Wakati wanarudia, nikageuza kadi ya harusi upande wa pili. Kilo moja ya mafuta ya ndege inataka gramu 430 za haidrojeni. Mitambo mikubwa ya kuvunja maji hula uniti 50 hadi 55 za umeme kwa kila kilo ya haidrojeni. Ongeza umeme wa kunasa hewa ukaa, wa kuigandamiza, wa pampu, ongeza na ukweli kwamba kinachotoka mwisho si mafuta ya ndege peke yake, kuna na mafuta mepesi mno, na nta ambayo lazima ivunjwe upya. Jumla hucheza kwenye uniti 20 hadi 25 kwa lita moja. Nimeshika 22. Lita hiyo ukiichoma inakurudishia nguvu ya uniti 9 na nusu hivi. Zaidi ya nusu ya umeme wako imebaki njiani kama joto.

Maji, kwa taarifa yenu, si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Ni lita 4 hivi kwa kilo ya mafuta, na sehemu kubwa hurudi ndani ya kiwanda chenyewe. Mfereji mmoja wa Kibosho ungetosha. Shida ni uniti.

Nyumba yangu pale Soweto, Moshi, friji, taa, televisheni na pasi ya Jumapili, inakula uniti 2 kwa siku. Lita moja ya mafuta haya ni umeme wangu wa siku 11. Ndege kubwa ikiwa angani inakunywa tani 6 hivi kwa saa, ambazo ni lita 2 kila sekunde. Siku zangu 11 ni nusu sekunde ya ndege. Niliwasomea hesabu hiyo mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hawakuniamini, na mara ya pili mimi mwenyewe sikujiamini, nikaipiga upya kwa kalkuleta ya simu. Ikatoka vilevile.

Kwa bei ya LUKU ya nyumbani, shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, umeme peke yake ni zaidi ya shilingi 7,800 kwa lita. Wanaochukua umeme wa msongo mkubwa hulipa karibu nusu ya hapo. Bado hujanunua mtambo, bado hujalipa mtu mshahara.

Mdogo wangu ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko yote siku ile, maana yeye hufikiri kwa malori. Lori lake ni la lita 36,000. Kutoka Tanga anapita Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, Himo, zaidi ya kilomita 300, na ndege moja ya Ulaya inamaliza lori lake zima na sehemu kubwa ya la pili. "Sasa kaka," akasema, "malori hayo mawili ni bwawa gani?"

Tukaanza na bwawa analolipita kila wiki, Nyumba ya Mungu. Ni mtambo wa megawati 8. Ukizunguka kwa nguvu zote usiku na mchana, unatoa uniti 192,000 kwa siku. Ndege yetu inataka uniti milioni 1 na laki 3 na 75 elfu. Ni wiki nzima ya Nyumba ya Mungu, mikoa yote ikiwa gizani, kwa safari moja ya kwenda. Kurudi ni juu yao.

Shemeji akaruka. "Mnachagua kibwawa! Chukua Bwawa la Nyerere." Sawa, tukachukua. Rufiji kuna mashine 9, kila moja megawati 235, jumla 2,115. Mashine moja ikizunguka siku nzima bila kupumzika inajaza ndege 4. Zote 9 zikijitolea, ndege 37 kwa siku. Shemeji alitabasamu kama mtu aliyeshinda, na kwa upande mmoja alishinda kweli: KIA haijazi ndege nyingi za namna hiyo kwa siku, mashine moja ya Rufiji ingetutosha na chenji. Kwa upande mwingine, ni bwawa la nchi nzima, na viwanja vya ndege kama Frankfurt au Dubai vingelimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Walioshaanza, basi, wamefika wapi? Nilimwambia shemeji nampa ndege yetu ileile ya tani 50 iwe kipimo. Werlte, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, kilifunguliwa kiwanda Oktoba 2021, hewa ukaa yake inatoka kwenye biogesi na nyingine inanaswa hewani. Uwezo wake ni tani 1 kwa siku. Siku 50, ndege moja. Juni 2025 kampuni ya INERATEC ilifungua mtambo mkubwa zaidi Frankfurt, eneo la viwanda la Höchst: hadi tani 2,500 kwa mwaka za mafuta na nta zote kwa pamoja. Hata kama yote yangekuwa ya ndege, ni ndege moja kila wiki. Texas, karibu na mji wa Pecos, kampuni ya Infinium inajenga unaokusudiwa kutoa tani 23,000 kwa mwaka. Hapo ndipo mtu anaanza kuvua kofia, ndege moja na kidogo kila siku. Kule Punta Arenas, kusini kabisa mwa Chile ambako upepo unang'oa miti, wamekuwa wakitengeneza kwa upepo tangu Desemba 2022, lakini yao ni petroli ya magari. Na ile ndege ya KLM ya Januari 2021 kutoka Amsterdam kwenda Madrid, iliyotangazwa dunia nzima? Ilibeba lita 500 za mafuta haya yaliyochanganywa na ya kawaida. Mapipa mawili na nusu. Mama mdogo anahifadhi maji ya mvua zaidi ya hapo.

Shemeji alijaribu kuleta habari za Kenya Airways, Nairobi hadi Amsterdam, Mei 2023, na Virgin Atlantic, London hadi New York, Novemba mwaka huohuo. Nikamzuia. Mafuta ya safari zile chanzo chake kikubwa ni mabaki ya mafuta, kama ya kupikia yaliyotumika na ya wanyama. Kazi nzuri, lakini ni jamaa mwingine kabisa, na dunia haikaangi chipsi za kutosha.

Kinachowasukuma Ulaya ni sheria. Kuanzia 2030 wauza mafuta kwenye viwanja vya Umoja wa Ulaya wanatakiwa wachanganye wastani wa asilimia 1.2 ya mafuta haya ya umeme, na kufika 2050 asilimia 35. Sheria hiyo inawashika wanaojaza Ulaya. Ndege itakuja KIA imebeba tone lake la umeme wa upepo, itarudi na mafuta ya taa ya Tanga kama babu yake.

Kuna jambo moja nililoliacha hapo kihambani kwa sababu halisimuliki kwa mtu ambaye hajawahi kushika bomba. Mafuta haya ni safi kupita kiasi, na usafi huo una ugomvi na mpira. Mafuta ya kisimani yana jamii za benzini ndani yake, na hizo hufanya oringi za zamani, zile pete za mpira za kuzibia viungo, zivimbe kidogo, zikabane. Yale ya Fischer na Tropsch hayana. Oringi iliyozoea kuvimba ukiiondolea kivimbishi chake inanywea, na kiungo kinaanza kuvuja. Ndiyo sababu moja ya kuruhusiwa kuchanganya nusu kwa nusu, kiwango kilichowekwa kwenye kanuni za kimataifa mwaka 2009, badala ya kumimina matupu. Nilibadilisha oringi nyingi, ngumu kama ukucha wa kuku, zilizochoka kwa umri tu. Tone moja kwenye lami ya uwanja lina makaratasi kuliko mirathi. Kwa hiyo nikisoma mtu ameandika kwamba mafuta mapya yanaingia kwenye ndege zilezile "bila kubadilisha chochote", najua huyo hajawahi kupiga magoti chini ya bawa saa tisa usiku.

Baba mdogo alikuwa amenyamaza muda mrefu, na kwake hiyo si dalili nzuri. Akaniuliza, polepole, kama hao watu watakuja kutafuta mashamba.

Nilijua anakokwenda. Karibu miaka 20 iliyopita walikuja vijana na pikipiki mpya wakahubiri mbono kaburi. Mbegu zake, walisema, zitaendesha ndege. Na kweli, Desemba 30, 2008, Air New Zealand iliruka na mafuta yenye nusu ya mbono kwenye injini moja ya ndege yenye injini nne, na sehemu ya mbegu ilitoka Tanzania. Baba mdogo aling'oa safu mbili za mahindi kwenye shamba lake la tambarare, akapanda mbono, akavuna magunia manne. Pikipiki mpya hazikurudi. Magunia yalikaa stoo mpaka panya wenyewe wakayakataa, kwa sababu mbegu zile ni sumu. Leo imebaki miti michache tu ya mbono, na kazi yake ni kufungia mbuzi.

Nikamwambia haya hayataki mbegu wala mashamba ya mahindi. Yanataka umeme mwingi, wa bei ya chini, usiolala. Jua linalala, na mtambo wa mabilioni haupendi kukaa bure usiku. Ningekuwa mwenye kiwanda nisingekiweka hapa kwetu, tulioko mkiani mwa waya. Mwaka 2025 serikali ilieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa hii ya Kaskazini, kwa sababu unaotoka mbali unapotea njiani. Ningekwenda ulipo mto, au kwenye mvuke wa chini ya ardhi wa Bonde la Ufa ambao hauna usiku. Na ningejiuliza kwanza nani amekosa uniti zile. Baba mdogo aliitika kichwa, ila sidhani kama alisikia zaidi ya neno "hayataki".

"Mimi je?" mdogo wangu akauliza. "Nitabeba nini?"

"Yaleyale. Popote watakapoyatengenezea, ndege haiendi kiwandani. Harufu tu itakuwa imepungua."

"Basi halinihusu," akasema, akaenda kulala. Saa kumi alfajiri alikuwa na safari ya Tanga.

Jua lilikuwa linazama upande wa Meru tulipomsikia jirani. Watoto walikuwa hawajaacha; wamejaza chupa ya kikohozi mara sijui ngapi, kila mmoja alitaka pwi yake, na betri ilikuwa imerudishwa mahali pake kimyakimya kama haijatokea kitu. Akabonyeza stata. Tik. Akabonyeza tena. Tik. Kiki ya pikipiki ile ilikatika zamani.

"Nani amekunywa umeme wangu?"

Tulimsukuma, mimi na goti langu, shemeji na viatu vyake, mpaka kwenye mteremko wa kanisani, akatia gia ya pili, ikakohoa, ikawaka.